Ule Utelezi Ndani ya Dumu la Maji

Ingiza kidole kwenye mdomo wa dumu la maji lililotumika wiki kadhaa bila kusuguliwa, ukipitishe kwenye ukuta wake wa ndani. Mara nyingi kitateleza. Maji yenyewe yanaweza kuwa maangavu, na huenda umeyatia dawa, lakini utelezi upo palepale. Hayo ni makazi yaliyojengwa na bakteria wenyewe, na sisi wa maabara tunayaita utando wa bakteria, au biofilamu.

Ndugu yake unaye kinywani: ule ukoga wa meno unaouhisi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Katika miaka ya 1680, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alisukutua kwa siki kali, kisha akakwangua ukoga wake na kuutazama kwa hadubini. Vijidudu bado vilikuwa hai. Alipouchanganya ukoga huohuo na siki nje ya kinywa, vilikufa. Akang'amua kwamba siki haikupenya hadi ndani, iliua wa juujuu tu. Zaidi ya miaka 300 imepita, na kosa hilo la kumimina dawa bila kusugua bado tunalirudia kila siku kwa jiki, ambayo dawa yake ni klorini.

Utando huanza na bakteria wachache wanaoelea wakatua ukutani. Mwanzoni wanaweza kung'oka kirahisi. Wakipata nafasi, hutoa ute wa sukari na protini unaowagandisha hapo, wakazaliana ndani yake, na wengine wakahamia. Saa chache zinatosha kuanza, siku chache zinatosha kuimarika.

Sasa mimina klorini. Klorini haichagui cha kushambulia: inaungana na kila kitu kinachotokana na viumbe, ute ukiwemo. Hivyo inapigana na tabaka la juu na kuishia hapo, na kinachofika chini ni kidogo mno. Huko chini wamo bakteria waliokosa chakula na hewa, wanaoishi polepole au waliolala kabisa, na kiumbe aliyelala ni mgumu kuuawa kwa dawa. Ndiyo maana vipimo vya maabara hukuta bakteria wa kwenye utando wakistahimili dozi kubwa mara kumi, mara mia, pengine zaidi, kuliko wenzao wa aina ileile wanaoelea majini. Lakini ukiwavunjia makazi yao na kuwatawanya, wengi hufa kwa dozi ya kawaida. Nguvu yao kubwa iko kwenye ile nyumba, na nyumba hubomolewa kwa kusugua.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchini Marekani, bakteria walipatikana wakiwa hai ndani ya dawa ya ayodini, dawa ambayo hospitali huitumia kusafishia ngozi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba utando ndani ya mabomba ya kiwandani unaweza kuwahifadhi bakteria wa namna hiyo hata baada ya dawa kupita. Kama ayodini yenyewe inaweza kukaliwa, dumu la maji lina kinga gani?

Sitaki kuwatisha wasomaji. Si kila utelezi una ugonjwa. Bakteria wengi wa majini hawatudhuru. Lakini *Vibrio cholerae*, bakteria wa kipindupindu, ni mjenzi hodari wa tando, na vijidudu vya choo vikiingia na mkono au kikombe hupata hifadhi humo. Tena utando hula klorini uliyokusudia kwa ajili ya maji. Maji yaliyotibiwa yanapaswa kubaki na kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa lita ili yajilinde hadi yanywewe, na chombo kichafu humaliza akiba hiyo mapema.

Kwa hiyo sugua kwanza. Tumia sabuni na brashi inayofika hadi kwenye pembe, kisha suuza mpaka povu liishe. Ndipo utie dawa: jiki isiyo na manukato, ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji. Tikisa iguse kila upande, iache dakika chache, mwaga, suuza kwa maji salama. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu. Chombo cha maziwa kianze kwa maji baridi au vuguvugu, maana maji ya moto hugandisha protini ya maziwa ukutani kabla hujaisugua.

Dumu la shingo nyembamba ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa mkono hauingii. Wengi hutia changarawe na maji ya sabuni wakatikisa. Inasaidia, na ni bora kuliko kutofanya kitu, ila plastiki huchubuka, na kila mchubuko ni pango jipya la bakteria. Ukiweza kuchagua, nunua ndoo ya mdomo mpana yenye kifuniko na koki, na ukumbuke kuisugua koki pia kwa ndani. Chombo ambacho hakitakiwi mara moja kipindue kikauke kabisa, kwa kuwa utando hauwezi kukua pasipo unyevu. Dumu lililochubuka sana au lenye utelezi unaorudi baada ya siku mbili, lipeleke likamwagilie mboga.