Mbwa Mchanga Anapochechemea: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Mbwa wangu dume alikuwa na miezi 7 alipoamka asubuhi moja mguu wa mbele haukanyagi. Wiki mbili baadaye ule ukapona, wa nyuma ukaanza. Hapa Raskazone, mtaani kwetu Tanga, kila jirani alikuwa na dawa yake.

"Kapigwa jiwe huyo." Huenda. Mguu ukiwa uleule, kagua kwanza kati ya vidole: mwiba, kipande cha kombe, ukucha uliopasuka. Ila maumivu yanayohama mguu hadi mguu bila ajali mara nyingi ni panosteitisi, uvimbe ndani ya mifupa mirefu. Huwapata mbwa wa kimo kikubwa, hasa madume, kati ya miezi 5 na 18. Daktari wa mifugo akibonya katikati ya mfupa, si kwenye kiungo, mbwa hulia. Huisha yenyewe, ingawa huweza kurudi mpaka akue.

"Hana kalsiamu, mpe vidonge." Ushauri huu ndio unaoniumiza zaidi, kwa kuwa hutolewa kwa nia njema. Utumbo wa mtoto wa mbwa mkubwa hauwezi kukataa kalsiamu iliyozidi. Inaingia mwilini na kuharibu jinsi gegedu, ile sehemu laini ya mfupa unaokua, linavyogeuka mfupa mgumu. Ni kweli anayelishwa nyama tupu, au ugali mtupu, hupungukiwa: mwili huchota kalsiamu mifupani, nayo hulegea, hupinda, hata kuvunjika kwa kuruka kibarazani tu. Hata huyo tiba yake ni kubadilishiwa mlo wote, apate chakula kamili cha mbwa anayekua. Wala usimnenepeshe. Uzito humzidishia maumivu mwenye nyonga mbovu. Mbavu zake uzihisi ukimpapasa.

"Nusu kidonge cha diklofenaki kitamtuliza." Hapana, tafadhali. Dawa hiyo, na ibuprofeni pia, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli nayo huweza kuharibu ini. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na kipimo chake ni cha daktari.

"Mkimbize ufukweni apate nguvu." Mchanga laini na mbio humchosha mguu unaouma. Mtembeze kidogo kwa kamba, basi. Kumfunga mnyororo mchana kutwa si kumpumzisha.

Kupe nao wasisahaulike. Kwa joto letu la Tanga wapo mwaka mzima, na homa wanayoieneza huweza kuvimbisha viungo. Kipimo cha damu husaidia kuitambua.

Asipokanyaga kabisa, akipata homa, akigoma kula, au mifupa ikivimba karibu na vifundo, mpeleke siku hiyohiyo. Daktari atauliza ni mguu upi na tangu lini. Mimi niliandika kwa chaki mlangoni, tarehe na mguu, tarehe na mguu, na ile orodha ndiyo iliyomwonyesha kuwa maumivu yanahama.