Ganzi, michubuko na malengelenge: maswali kuhusu nguo na vifaa vya baiskeli na safari za miguu

Anayependa baiskeli au kutembea milimani hujifunza mapema kuvumilia jua, vumbi na uchovu. Wengi wetu huendelea kuvumilia hata yasiyostahili kuvumiliwa: vidole kufa ganzi, mapaja kuchubuka, kucha za miguu kugeuka nyeusi. Mara nyingi chanzo ni nguo au kifaa kisichokukaa sawa. Haya hapa ni maswali ninayoulizwa zaidi. Kwa karibu yote ushauri wangu huanzia mahali pamoja: kijaribu kitu ukiwa katika mkao utakaokitumia, kwani kioo cha dukani hukuonyesha ukiwa umesimama wima tu.

Nikiendesha baiskeli kwa saa moja, sehemu za siri hufa ganzi. Wenzangu wanasema nitazoea. Ni kweli?

Usizoee. Maumivu ya makalio ya siku za mwanzo hupungua kadiri unavyoendesha, lakini ganzi ni jambo jingine kabisa. Ukikaa sawasawa, uzito wako hubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikalia ubao. Katikati yake ni msamba, na hapo ndipo zinapopita neva na mishipa ya damu ya sehemu za siri. Kiti kikiwa chembamba mno, au pua yake ikiwa imeinuka, uzito huhamia msambani. Neva hubanwa, damu haipiti vizuri, ganzi inaingia. Huwapata wanaume na wanawake vilevile.

Anza na upana. Weka kipande cha boksi la karatasi juu ya ngazi ya saruji, kikalie ukiwa na nguo nyepesi, inama mbele kidogo huku umeinua visigino, kisha nyanyuka. Utaona vishimo viwili. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Sehemu ya nyuma ya kiti inapaswa kuzidi kipimo hicho kwa sentimita 2 hivi. Kisha kilaze kiti kiwe sambamba na ardhi, ndipo upime urefu wake: ukiwa umekaa, kanyaga kwa kisigino pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kulalia upande. Ukirudi kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa juu mno utakuwa unayumba kulia na kushoto, na kila unapoyumba ngozi inasuguliwa.

Wengi hukimbilia kiti kinene chenye sponji laini kama mto. Kwa mwendo mfupi hakina neno. Kwa safari ndefu, mifupa huzama, sponji hupanda katikati, na msamba unabanwa kuliko hapo awali.

Inuka juu ya pedali kila baada ya dakika 10 hivi, hata kama husikii chochote. Ganzi ikiendelea kwa saa nyingi baada ya kushuka, au ukiona mabadiliko katika kukojoa au katika tendo la ndoa, iache baiskeli kwanza umwone daktari. Usione haya kumweleza.

Nimeambiwa bukta ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila chupi. Mbona inanitia wasiwasi?

Uliyeambiwa hivyo umeambiwa kweli. Chupi ina mishono kwenye mapaja na kinena, na mara nyingi ni ya pamba inayoshika jasho. Ukikanyaga pedali mara 80 kwa dakika, mshono huo hupita juu ya ngozi iliyolowa karibu mara 5,000 kwa saa. Hapo ndipo michubuko inapoanzia, na vijidudu vikiingia kwenye vinyweleo vilivyochubuka hugeuka vipele na majipu.

Unaponunua, igeuze bukta nje ndani na upitishe mgongo wa kiganja chako juu ya sponji na mishono. Mgongo wa kiganja una ngozi laini kuliko vidole. Ukihisi kitu kinakwaruza hapo, ujue kinenani kitakwaruza zaidi. Halafu ivae, uiname kama umeshika usukani. Ukisimama itaonekana kama nepi na kiuno kitavuta, lakini ukiinama kila kitu kinapaswa kutulia mahali pake bila mkunjo. Sponji ikijikunja, bukta ni kubwa. Lastiki ya pajani ikikuachia alama hafifu inayofifia upesi, hakuna shida. Ikiacha mtaro mwekundu unaowasha, inabana mno.

Bukta ya namna hii huvaliwa safari moja kisha ikafuliwa. Ivue mara tu ufikapo, uoge, uvae kitu kikavu kinachopitisha hewa. Kukaa nayo ukipiga soga huku imelowa jasho ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na kwa wanawake unyevu na joto hilo hukaribisha fangasi pia. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwani hupunguza uwezo wa kitambaa kusafirisha jasho. Kipele kikishatoka, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha, pumzika siku kadhaa, na usikikamue. Uvimbe unaokua, homa, au ikiwa una kisukari: nenda kituo cha afya mapema.

Kidole cha mwisho na cha pete hufa ganzi nikiendesha. Je, ninunue glavu nene zaidi?

Huenda zikasaidia, ila zisiwe dawa ya kwanza. Vidole hivyo hupata hisia kutoka kwenye neva inayopita kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, na hapo ndipo unapoegemea usukani. Kagua kiti kwanza: kikiinamia mbele, mwili mzima unateremka na mikono ndiyo inayozuia. Kagua pia kama usukani uko mbali mno. Viwiko vilegee kidogo, kifundo cha mkono kisipinde, na badilisha mshiko mara kwa mara. Glavu ikae kama ngozi ya pili, bila kitambaa kujikunja kiganjani unapofumba ngumi. Ukianza kudondosha vitu au kushindwa kuzungusha ufunguo, hilo ni la daktari.

Fulana ya pamba ina ubaya gani? Ndiyo nguo ninayoipenda.

Kwenye joto na mwendo mfupi, haina ubaya. Shida huja ukipanda mlima kisha ukashuka au ukapumzika kwenye upepo. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia. Nakumbuka siku niliyofika kileleni nikitokwa jasho, nikaketi kula. Fulana ilikuwa imegandamana na mgongo, na kabla sijamaliza kula meno yalikuwa yanagongana, ingawa jua lilikuwa linawaka. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa hukunyang'anya joto hata siku isiyo ya baridi kali. Kwenye baiskeli, mteremko pekee hukuletea upepo wa kilomita 40 kwa saa.

Vaa kwa tabaka. Ya ndani iguse ngozi na iwe polista au sufu nyembamba. Ya kati ishike joto. Ya nje izuie upepo na mvua. Sufu ina sifa ya kuendelea kukupa joto kiasi hata ikilowa. Punguza nguo kabla hujaanza kutoka jasho, ongeza kabla hujaanza kutetemeka. Koti la nje ulijaribu ukiwa umevaa hayo mengine yote, ukanyoosha mikono mbele: mgongo wa chini usibaki wazi na mikono ya koti isipande juu ya vifundo.

Viatu vyangu ni saizi yangu kabisa, lakini kila nikitembea mbali napata malengelenge. Kwa nini?

Kwa sababu saizi ya asubuhi si saizi ya jioni. Miguu huvimba kwa kutembea na kwa joto. Nunua viatu mchana umeshasonga, ukiwa na soksi zile zile za safari, na upime miguu yote miwili, kwani mara nyingi mmoja ni mkubwa, fuata huo. Pawepo nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu zaidi. Kisha shuka ngazi au mteremko: vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi safarini. Kisigino nacho kisipande na kushuka ndani ya kiatu.

Lengelenge hutokana na msuguano kwenye ngozi yenye joto na unyevu, na huwa linapiga hodi kabla ya kuingia: kwanza unahisi sehemu moja inachoma. Simama hapo hapo. Vua kiatu, kausha mguu, toa mchanga, nyoosha soksi, bandika plasta. Dakika tano hizo huokoa siku mbili za kuchechemea. Likishatokea na likiwa dogo, lifunike tu. Ngozi yake ndiyo bandeji bora, usiibandue.

Viatu vipya vianze na matembezi mafupi ya karibu na nyumbani.

Begi la mgongoni linaniua mabega. Nikaze mikanda?

Ilegeze kwanza, kisha uanzie kiunoni. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni, ukazwe ukiwa umebeba mzigo. Nyonga ndizo zinazopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Mikanda ya mabega inazuia tu begi lisikuvute nyuma. Vitu vizito viwe karibu na mgongo. Mkono ukifa ganzi, mkanda wa bega unabana neva zinazoshuka mkononi.

Nivae rangi gani nionekane barabarani?

Mchana, njano au chungwa zile zinazong'aa sana. Usiku rangi hizo hupoteza nguvu, kwa hiyo unahitaji taa na vipande vinavyorudisha mwanga, hasa vifundoni na magotini: dereva akiona miguu ikipanda na kushuka hutambua upesi kwamba ni mtu. Nguo ndefu na pana zifungwe zisifikie mnyororo wala spoki.

Nimnunulie mtoto helmeti kubwa kidogo ili akue nayo?

Hapana, tafadhali. Helmeti inayocheza itahama kichwani wakati ule ule inapohitajika. Ikae mlalo, upana wa vidole viwili juu ya nyusi; mikanda ya pembeni ikutane chini ya sikio; kati ya mkanda wa kidevuni na ngozi kipite kidole kimoja au viwili. Mwambie apige mwayo mkubwa: akihisi helmeti inavuta kichwa kwa juu, imekaa. Mtikise kichwa kwa upole; isiteleze. Na ikishapata ajali ibadilishwe, hata kama kwa nje haina ufa, kwa maana sponji ngumu ya ndani hupokea kishindo kwa kupondeka, na ikishapondeka haiwezi kukipokea cha pili.