Simu huzimwa kwenye darubini ya redio, lakini si kwa sababu ya miale

"Msipeleke watoto kwenye zile sahani kubwa za kusikiliza nyota. Zinatoa miale, ndiyo maana simu huzimwa getini." Ujumbe huu umezunguka kwenye magrupu kwa miaka, na nusu yake ni kweli: simu huzimwa. Sababu ndiyo imegeuzwa.

Darubini ya redio hupokea mawimbi, kama redio ya mkulima pale dirishani. (Zipo chache zinazotuma pia mawimbi ya rada kupima sayari, ila katazo la simu halitokani na hilo.) Anayelindwa si mgeni, ni darubini. Mawimbi ya nyota ni hafifu mno. Simu moja mfukoni huyafunika. Huko Green Bank, Marekani, penye sahani ya mita 100, magari yanayoisogelea ni ya dizeli, kwa kuwa cheche za plagi za injini ya petroli huleta kelele.

Jaribu nyumbani: weka redio kwenye AM, katikati ya stesheni, kisha isogezee chaja ya simu iliyochomekwa kwenye umeme. Mara nyingi itakoroma. Kabla ya safari, soma masharti ya wageni ya kituo chenyewe. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.