Idd Ilipotukuta Maji Yamekupwa: Dhana Potofu za Watu wa Dar Kuhusu Likizo ya Visiwani

Miaka michache iliyopita mama yangu alikuja Dar kutoka Singida. Alikuwa hajawahi kuiona bahari, nami nikaapa kwamba ataiona mahali pazuri kuliko Coco Beach siku ya sikukuu. Tukapanda boti kwenda Unguja, tukalala Jambiani, na asubuhi yake, siku ya pili ya Idd el-Fitr, saa 4, nikamshika mkono hadi ufukweni. Mbele yetu kulikuwa na mchanga, madimbwi na majani. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Sasa bahari yenyewe iko wapi?”

Nikamfuata mzee mmoja aliyekuwa akiziba ngalawa yake. Nilipomaliza kumwamkia akanielekeza kwa kidole mstari mweupe wa mawimbi kule mbali. “Mwanangu, mwezi umeandama juzi. Hii ni bamvua. Bahari imekwenda mwambani, alasiri itarudi. Hukuuliza kabla ya kuja?”

Sikuuliza. Nilikuwa nimeangalia picha, nauli na siku za mapumziko kazini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya makosa ya namna hii, yangu na ya jirani zangu wa Tegeta na Kunduchi, na haya ndiyo ninayoyasikia mara nyingi zaidi.

“Bahari ipo tu, ukifika unaogelea”

Hili ndilo kosa kubwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Hilo mtu wa Dar anaweza kuwa analijua. Asilolijua ni kwamba kiasi cha kujaa na kupwa hakilingani mwezi mzima. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja, tukapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ikikaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana na huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayaendi mbali.

Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua maji hupwa kabisa asubuhi, kwenye saa 4 au saa 5, kisha hujaa alasiri kwenye saa 10 au 11. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hiyo saa 4 au saa 5 ya asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa.

Sasa tazama sikukuu zetu. Idd el-Fitr ni tarehe mosi ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua, bila kukosa. Aliyekwenda Paje, Bwejuu au Jambiani siku hizo akitaka kuogelea asubuhi atakutana na kilichomkuta mama yangu, maana upande huo wa mashariki mwamba uko mbali na ufukwe na katikati ni kina kifupi. Idd el-Hajj huwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, ambapo maji ni mafu au yanakaribia kuwa hivyo. Kwa familia yenye watoto wanaotaka kuchezea maji tangu asubuhi, hiyo ndiyo Idd ya kwenda mashariki. Pasaka hufuata mwezi mpevu, lakini Jumapili yenyewe inaweza kuja siku moja baada ya mpevu au wiki nzima baadaye, kwa hiyo lazima uhesabu mwaka kwa mwaka. Krismasi haifuati mwezi kabisa.

Kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ukutani kwa jirani inatosha kabisa. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi, tarajia bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, tarajia maji mafu. Asiyetaka hesabu hizi aende kaskazini mwa Unguja, Nungwi au Kendwa, ambako kina kinaanza karibu na mchanga na mtu huogelea karibu wakati wowote.

Nisidanganye kwamba maji yakikupwa siku imeharibika. Mama aliishia kutembea na wanawake waliokuwa wakifunga mwani kwenye kamba zao. Kilimo cha mwani kilianza rasmi Zanzibar mwaka 1989 na kimebebwa zaidi na wanawake, na bamvua ndiyo siku zao za kazi kwa sababu ndipo mashamba yanapofikika kwa miguu. Alirudi na mengi ya kusimulia kuhusu mwani kuliko kuhusu bahari. Ila ningependa yawe matembezi niliyoyapanga.

“Visiwa ni Zanzibar, na Zanzibar ni kisiwa kimoja”

Zanzibar ni visiwa: Unguja, Pemba na vidogo vinavyovizunguka. Anayesema “naenda Zanzibar” karibu kila mara anakwenda Unguja, na Pemba yenye vilima, mikarafuu na fukwe tulivu anaipita bila kujua.

Mafia nayo watu wengi huidhania ni ya Zanzibar. Ilikuwa chini ya Sultani hadi 1890 ilipoangukia kwa Wajerumani, na leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Huhitaji kupitia Unguja. Ndege kutoka Dar hutumia kama nusu saa, na asiye na nauli ya ndege hupita barabara ya Kilwa, anavuka Kibiti, anakata kushoto Bungu hadi Nyamisati, kisha anavuka kwa chombo hadi Kilindoni. Njia hiyo ya pili inachosha, lakini inakupitisha pembezoni mwa mikoko ya delta ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki. Mimi ningeichagua angalau kwa kwenda.

Halafu kuna visiwa vilivyo mbele ya macho yetu. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975. Mbudya unavuka kutoka Kunduchi, Bongoyo kutoka Msasani, na jioni umerudi nyumbani kulala. Nimekutana na watu waliozaliwa Kinondoni, wana miaka 40, hawajakanyaga hata kimoja kwa kuamini kwamba ni vya watalii wa kizungu. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na pweza na samaki wa kuchoma wanaopatikana pale ni walewale wa soko la Feri.

“Desemba ndiyo msimu, ukitoka hapo ni mvua”

Wavuvi wa Kunduchi hawagawi mwaka kwa Desemba na isiyo Desemba. Wanaugawa kwa pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu Machi: joto kali, bahari ina joto, maeneo yamejaa watu. Masika, Machi hadi Mei, mvua kubwa; hoteli kadhaa za visiwani hufunga kabisa Aprili na Mei. Kusi huingia baada ya hapo hadi kama Septemba: kukavu, hewa imepoa, bei za chini kuliko sikukuu, lakini upepo una nguvu na bahari ya wazi huchafuka. Kisha kabla kaskazi haijashika huja utulivu wa Oktoba na Novemba, pamoja na mvua fupi za vuli ambazo mara nyingi hunyesha na kuacha jua litoke.

Kwa mtu anayetaka kutazama samaki chini ya maji, huo utulivu kati ya pepo mbili ndio wakati bora, maana maji huwa maangavu. Anayeogopa kichefuchefu cha boti aikwepe Julai. Anayetaka fukwe zisizo na msongamano, Juni inamfaa sana.

Na wako wanaosema tufani ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za boti kati ya Dar na Zanzibar zilisitishwa. Ni nadra kwetu, lakini taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ni bure na inasomwa kwa dakika mbili. Nahodha akiahirisha safari, usimbembeleze wala usimwongezee hela.

“Potwe ni nyangumi mla watu, na yupo mwaka mzima”

Papa potwe ni samaki, tena ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni viumbe vidogo vidogo vinavyoelea pamoja na dagaa. Hana habari na wewe. Wanaoonekana Mafia wengi ni madume yasiyokomaa, ya mita 6 au 7 hivi.

Kuhusu mwaka mzima, jibu lina pande mbili. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawaondoki Mafia, ila nje ya msimu husogea mbali na pwani na kukaa chini zaidi. Kwa hiyo wapo, lakini huwaoni. Msimu wa kuwaona ni Oktoba hadi Februari, karibu kabisa na Kilindoni. Kasa ni kinyume chake: vifaranga wa kisiwa cha Juani, jirani na Mafia, hutoka mayaini zaidi kati ya Juni na Septemba. Anayetaka vyote viwili kwa safari moja atarudi hajaridhika, na ni afadhali aambiwe mapema.

Ukiwa majini na potwe, usimguse wala usimkatie njia mbele. Kwa kasa, usimulike tochi: kifaranga hufuata mwanga akidhani ni bahari.

“Matumbawe ni mawe”

Ninaelewa inakotoka. Mababu walijenga kwa matumbawe. Tazama magofu ya Kunduchi, ya Kua kule Juani, au kuta za Mji Mkongwe. Wakachoma chokaa yake. Jiwe ni jiwe.

Lakini kilicho hai pale chini ni mnyama. Ni maelfu ya viumbe laini wadogo, kila mmoja na mdomo wake, wanaojijengea nyumba ya chokaa polepole sana. Yale matumbawe makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja kwa mwaka. Bonge la ukubwa wa kiti cha plastiki limekuwapo kabla ya wewe kuzaliwa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani yetu, Mafia ikiwamo, yalipauka na kufa. Juu ya hilo kulikuwa na baruti ya kuvulia samaki. Watu wa Kunduchi na Msasani wanaukumbuka mlio wake.

Kwa hiyo naumia ninapoona kijana amesimama na mapezi juu ya tumbawe ili apigwe picha akiwa nje ya maji. Anavunja kwa sekunde moja kazi ya miaka 30. Kiti cha pweza naye, yule mwenye mikono mitano, huinuliwa juu, hupangwa mchangani na wenzake, na dakika hizo za kukosa maji zinaweza kumuua. Mpige picha palepale alipo.

“Likizo ya asili ni Serengeti, visiwani ni mchanga tu”

Kima punju wa Jozani, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zinazomzunguka uso, asili yake ni Unguja peke yake. Hayupo msituni kwingine popote isipokuwa wachache waliohamishiwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Jozani ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na ni safari ya chini ya saa moja kutoka Mji Mkongwe. Pemba ina popo wake mkubwa, mabawa yakifunguka hufikia mita moja na nusu na zaidi. Aliwindwa hadi wakabaki wachache, kisha wanakijiji, kama wale wa Kidike, wakaanza kulinda miti wanayolala, na leo ni maelfu. Kisiwa kidogo cha Chumbe kina kaa wa nazi na mnara wa taa wa mwaka 1904. Niliwapeleka wanangu Jozani kwanza, ufukwe baadaye, na swali wanalouliza hadi leo ni la kima.

Mengine kwa haraka

Malaria Zanzibar imepungua mno, lakini haijaisha, na Mafia pia malaria ipo. Chandarua ni lazima. Ngozi nyeusi huungua na jua la baharini, hasa mabega na mgongo ukielea kifudifudi, basi vaa fulana. Mtanzania anahitaji kitambulisho bandarini. Ukitoka ufukweni kuingia kijijini, vaa kanga au funika mabega.

Boya, au jaketi la kuokolea, ni la kila mtu, hata anayejua kuogelea. Tulikuwa tukivuka kwenda kisiwani siku moja, nahodha akapakia watu 6 zaidi ya maboya aliyonayo akisema ni karibu tu. Tulishuka, mimi na watoto, tukangoja chombo kingine saa nzima juani. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na ilikuwa meli, siyo mtumbwi.

Mama anakuja tena mwaka huu. Nimeshahesabu: tutavuka Idd el-Hajj, tarehe 9 ya mwezi tuwe Jambiani, na saa 4 asubuhi maji yawe yamejaa.