Mgeni njoo, mwenyeji apone: kuomba msaada wa kupanga nyumba na kazi

Kwa miaka 11 nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya umma hapa Kisumu, nikipokea barua, nikizifungulia majalada na kuyatafuta kila yalipohitajika. Tangu nilipoacha kazi hiyo nimekuwa nikiitwa katika nyumba, maduka na ofisi ndogo, kuanzia Milimani hadi Kondele, na mara nyingine Kakamega na Nakuru, kuwasaidia watu kupanga vitu na karatasi zao. Karibu kila anayeniita huanza kwa kuomba radhi. Hata kabla sijaketi huniambia kwamba nyumba haiko hivi siku zote, kwamba watoto walikuwa likizo, kwamba amekuwa mgonjwa. Ninaandika makala haya hasa kwa ajili ya aibu hiyo, kwa sababu nimeona hasara inayoleta.

Sisi wa upande huu wa nchi si watu wasiojua kuomba msaada. Wajaluo wana saga, ambapo majirani huitwa kulima shamba la mmoja wao wakala na kunywa pamoja baada ya kazi, na jamii jirani zina desturi za namna hiyo kwa majina yao. Wakati wa matanga hakuna anayeona haya kuazima sufuria, viti na turubai. Lakini mtu huyohuyo aliyewaita watu ishirini shambani hatamwita hata mmoja aingie katika chumba chake cha kulala amsaidie kufungua kabati. Shamba lililomea magugu huhesabiwa kuwa kazi nyingi, ilhali kabati lililofurika huhesabiwa kuwa tabia mbaya, na kwa mwanamke hasa huhesabiwa kuwa ni ulezi mbaya. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi sijapata usemi unaoeleza vizuri zaidi hali ya mtu anayefunga mlango wa stoo kila mgeni anapobisha hodi.

Nitaeleza siku moja ya kazi ili ionekane msaada huu ni wa namna gani. Mteja wangu, mama anayeuza nafaka katika soko la Kibuye, aliniita nyumbani kwake Migosi akitafuta karatasi za shule za kijana wake. Chini ya meza ya sebuleni, iliyofunikwa vizuri kwa kitambaa cha kufuma, kulikuwa na katoni tatu zilizowahi kubeba mafuta ya kupikia. Niliketi sakafuni, nikatoa karatasi moja moja, na kwa kila moja nikauliza swali lilelile: hii inakaa wapi? Alijibu kwa mara kadhaa, «Hapo hapo tu, mwanangu,» mpaka yeye mwenyewe akaanza kucheka, kwa kuwa «hapo hapo tu» ilikuwa imeshajumuisha risiti za karo za binti aliyekwisha kuolewa, kadi ya kliniki, mikataba ya mkopo wa chama na kitabu cha umiliki wa pikipiki. Pikipiki hiyo ilikuwa imeuzwa kwa kijana wa Ahero miaka kadhaa nyuma, na umiliki haukuwa umehamishwa. Kama ingemgonga mtu, jina ambalo polisi wangelikuta katika rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama inayosajili magari, ni lake. Alimpigia simu mnunuzi jioni ileile.

Katika katoni ya tatu tulikuta programu za mazishi, rundo zito kama vitabu viwili vya nyimbo. Kila nyumba ya huku inazo. Mtu harudi kutoka mazishini akaitupa karatasi yenye picha ya marehemu, kwa hiyo huiweka, na zikijaa huziweka pengine. Mtu mwenye haraka angesema zichomwe zote tumalize kazi. Tulizipitia moja baada ya nyingine kwa muda wa saa nzima na zaidi, naye akanieleza kila mmoja alikuwa nani. Za jamaa zake wa karibu zikaingia katika boksi moja lenye kifuniko. Zile nyingine aliniomba tuzichome kwa heshima nyuma ya nyumba, zisitupwe jalalani. Mpaka siku hiyo alikuwa hajapata mtu wa kushuhudia kwamba hakuwadharau waliokufa, na bila shahidi huyo asingeweza kuziachilia.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu watu wengi hudhani kwamba anayeombwa msaada huleta mikono tu, kama mpagazi. Mikono ndiyo sehemu ndogo. Mwenye nyumba akikitazama kitu haoni kitu chenyewe, huona aliyempa, siku aliyokinunua, bei aliyolipa na mpango aliokuwa nao juu yake. Mambo hayo yote humjia kwa pamoja, na baada ya vitu kumi huchoka, akavirudisha alipovitoa. Mtu wa nje haoni historia hiyo. Huona blenda isiyo na mfuniko na kuuliza kama mfuniko upo. Swali lake ni jepesi, na kwa kuwa limeulizwa kwa sauti ni lazima lipate jibu, nalo jibu likishatoka kinywani kitu kimepata mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje huliweza kuliko ndugu, nami nililijua kwa uchungu. Marehemu baba yangu alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda chake huko Siaya. Mimi, niliyekuwa nikitunza majalada ya watu wengine kila siku, sikuwahi kumwomba alifungue tuone kuna nini. Niliogopa kwamba angeniona kama mtoto anayesubiri kifo cha baba yake arithi shamba. Alipofariki mwaka 2013 hatukuipata hatimiliki ya shamba sandukuni wala kwingineko. Ilitubidi tupitie njia yote ya cheti kilichopotea: taarifa ya polisi, hati ya kiapo, kisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na kungoja siku 60 kabla ya msajili wa ardhi kutoa hati nyingine, tena pamoja na shughuli za mirathi ambazo zenyewe huhitaji barua ya chifu, cheti cha kifo na subira ya miezi. Hati ya kwanza tuliiona baadaye ndani ya boksi la taa ya karabai, imekunjwa mara nne na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Baba alikuwa ameitunza vizuri sana. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha mahali alipoitunza.

Tangu hapo, familia ikiniambia kwamba mzee wao ana karatasi zisizojulikana zilipo, huwashauri wasianze wao kumwuliza, bali wamwombe mtu asiye na mgao katika urithi: mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, au mtu wa kazi kama yangu. Mzee asiyemtilia mtu shaka ya kutamani shamba lake hufungua sanduku mwenyewe. Si hatimiliki pekee inayookolewa kwa njia hiyo. Akaunti za benki zilizosahauliwa, gawio la hisa na malipo ya bima ambayo hayakudaiwa hatimaye hupelekwa UFAA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011 kushikilia fedha zisizodaiwa, na mtu hawezi kudai asichojua kwamba kipo. Ninaongeza hapa jambo dogo la mahali petu. Hewa ya ziwani ina unyevu na mchwa hawana likizo, na mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda yaliingia katika nyumba za watu waliokuwa wakiishi karibu na ufuo. Chini ya kitanda ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhi karatasi, hata katika sanduku la bati.

Kuhusu kazi, wafanyabiashara wengi ninaowatembelea hawana mpaka kati ya duka na nyumba. Magunia ya maharagwe hulala katika chumba cha watoto, daftari la madeni hukaa juu ya friji, na fedha za mauzo huingia katika laini ileile ya M-Pesa inayolipa maziwa na nauli. Mtu kama huyo hawezi kujua kama anapata faida au anajilisha mtaji wake. Hatua ya kwanza ninayosisitiza ni namba ya malipo ya biashara iliyo tofauti na simu ya nyumbani, na ya pili ni kabati moja, hata likiwa la mbao za bei nafuu, ambalo haliingii kitu cha nyumba. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na marejesho ya kila mwaka ya kodi ya mapato kwa mtu binafsi yana mwisho wake tarehe 30 Juni. Katika wiki za mwisho za mwezi huo simu yangu hulia kuliko wakati mwingine wowote, nami huwa ninasikitika, kwa kuwa mtu aliyeomba msaada mwezi Januari angekuwa ameshamaliza. Mahesabu yenyewe si kazi yangu. Nikishazipanga risiti kwa miezi humshauri mteja amtafute mhasibu, na mhasibu anayekuta karatasi zimepangwa hamalizi siku nzima katika kuzichambua.

Wajapani wana utaratibu wa kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano, seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke, ambao katika hospitali za Tanzania ulitafsiriwa kwa Kiswahili kizuri: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Ninayapenda maneno hayo kwa kuwa herufi ya mwanzo imebaki ileile na maana haikupotea. Kusasambua, kuseti na kusafisha mtu anaweza kuyafanya peke yake Jumamosi moja akiwa na ari. Kushikilia ndiko kunakowashinda wengi, na ndiko msaada unakofaa kuliko kote. Mimi humrudia mteja baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya mitatu, na kule kujua tu kwamba nitakuja humfanya arudishe faili mahali pake wiki nzima kabla ya siku hiyo.

Anayeombwa msaada si lazima awe mtaalamu wa kulipwa. Mara nyingi mtu anayeijua nyumba kuliko wote ni dada anayefanya kazi humo, naye ndiye wa mwisho kuulizwa. Nimeona mabosi wakinunua masanduku na rafu za kupendeza bila kumshirikisha, kisha wakamlaumu kwa kutozitumia, wakati rafu zimewekwa mahali asipoweza kufika bila kupanda kiti. Mwite mketi naye, umwulize ni kitu gani kinachomsumbua kukirudisha. Kwa akina baba nina neno moja ninalolisema wazi kila ninapopata nafasi: kumwambia mke apange nyumba yake si kumsaidia, kwa maana nyumba hiyo ni yenu wawili, na nusu ya karatasi zilizo chini ya meza zina jina lako.

Vilevile kuna mahali ambapo msaada wa aina yangu unakoma. Yupo mtu ambaye kutengana na kitu chochote, hata gazeti kuukuu au chupa tupu, humletea dhiki ya kweli, na vyumba vyake hujaa mpaka haviwezi kutumika. Hali hiyo iliingizwa kama ugonjwa wa kujitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, mwaka 2013. Jamaa wenye nia njema humngoja asafiri, wakaleta mkokoteni na kuzoa kila kitu, na kwa kufanya hivyo humwumiza zaidi na kumfanya asimwamini mtu tena. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili kwanza, na mimi nije baadaye nikiitwa.

Kwa yeyote anayefikiria kumwita mtu, awe wa kulipwa au shemeji, ningeomba makubaliano yafanywe kabla ya kazi kuanza: kwamba hakuna kitakachotupwa bila idhini ya mwenye nyumba, kwamba kinachoonekana ndani hakitasimuliwa nje, na kwamba namba za siri za benki na za M-Pesa hazitatajwa wala kuandikwa popote. Lebo ziandikwe kwa lugha ya nyumba hiyo. Yule mama wa Kibuye alikataa lebo zangu za Kiingereza, akaandika mwenyewe kwa kalamu nene: Lowo kwa karatasi za ardhi, Osuru kwa za kodi, Skul kwa za watoto. Mpaka leo huniambia kwamba yeye na watoto wake wanajua kila karatasi iliko.

Na tafadhali usipange chochote kabla mgeni huyo hajafika. Karibu kila mteja wangu hukesha usiku wa kuamkia siku hiyo akifagia na kukusanya, kisha hunipokea katika sebule inayong'aa, nami nikiona mlango mmoja umefungwa humwomba kwa upole tuanzie huko.