Signali Ikifa, Nani Aseme Treni Iende?

Signali iliyozimika kabisa huhesabiwa kuwa nyekundu. Hiyo ni kanuni ya awali kabisa anayofundishwa dereva wa treni, na kwa sababu yake hitilafu nyingi za signali huleta usumbufu tu wala si maafa. Mitambo hii hujengwa kwa namna ambayo waya ukikatwa na wezi wa shaba, betri ikiisha nguvu, au radi ikipiga sanduku la vifaa kando ya reli, kama inavyotokea mara kwa mara huku kwetu karibu na ziwa, taa hurudi kwenye nyekundu na treni husimama. Msingi wenyewe ni wa mwaka 1872, Mmarekani William Robinson alipobuni saketi ya reli: umeme mdogo hupitishwa ndani ya reli mbili za njia, magurudumu ya treni yakiingia huunganisha reli hizo, na swichi ya sumaku iliyo upande wa pili huachia. Swichi hiyohiyo huachia vilevile reli ikivunjika au umeme ukikosekana. Mtambo hautofautishi treni na ubovu, kwa hiyo husema "simama" kwa yote mawili.

Hatari huanza pale mtu anapolazimika kusema "nenda" mahali ambapo mtambo umesema "simama". Nimefundisha kanuni za uendeshaji wa treni hapa Nakuru kwa miaka mingi, na jambo ninalolirudia kwa kila kundi la wanafunzi ni kwamba ruhusa ya kupita signali nyekundu haikuwekwa ili treni iwahi. Ruhusa hiyo ni mtambo wa pili, uliotengenezwa kwa karatasi, sauti na macho ya watu, na kila kazi iliyokuwa ikifanywa na mtambo wa kwanza lazima ipate mwenyewe katika huu wa pili. Kazi ikikosa mwenyewe, hakuna taa itakayowaka kukuambia. (Kila shirika la reli lina kitabu chake cha kanuni, na hicho ndicho kinachomfunga mfanyakazi wake. Ninachoeleza hapa ni misingi iliyo nyuma ya vitabu hivyo.)

Tuchukue mfano wa mteremko wa Mau. Reli yenye upana wa mita moja ikitoka Nakuru hupanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni mpaka Kisumu, ambako ziwa liko kwenye mita 1,130 hivi. Njia ni moja tu, na treni hupishana kwenye stesheni zenye lupu, yaani njia ya pembeni ya kusubiria. Chukua stesheni mbili jirani mahali popote kwenye mteremko huo, nami nitaziita Juu na Chini. Signali za kutokea za stesheni zote mbili zimekufa. Treni ya mizigo imesimama Juu, inataka kushuka. Stesheni masta wa Juu anatakiwa kujua nini kabla ya kuandika karatasi yoyote?

Anatakiwa kujua kwamba kipande cha njia kilicho kati yake na Chini ni kitupu, na kujua si sawa na kudhani. Daftari la treni litamwambia treni ya mwisho iliingia saa ngapi. Stesheni masta wa Chini atamwambia kwamba imefika. Hata hivyo, "imefika" haitoshi. Swali linalopaswa kuulizwa ni kama mkia wake umeonekana, maana behewa la mwisho hubeba taa au ubao wa mkia, na alama hiyo ndiyo ushahidi pekee kwamba treni iliyofika ni nzima. Kwenye mteremko kama huu kiungo cha mabehewa huweza kukatika, injini ikafika na mabehewa ishirini huku matano yakiwa yamebaki mlimani gizani. Saketi ya reli ingeyaona mabehewa hayo bila kuulizwa. Sasa ni lazima mtu atoke ofisini, asimame kwenye jukwaa hata kama mvua inanyesha, aangalie behewa la mwisho linapopita, na kuandika saa aliyoliona. Mwanafunzi akiniambia kwamba yeye huutambua mkia kwa kusikia mlio wa treni ukiisha, namrudisha mwanzo wa somo.

Hapo hapo nitaje vihesabu vya ekseli, kwa kuwa vina mtego wao. Kifaa hiki huhesabu ekseli zinazoingia na zinazotoka katika kipande cha njia, na hesabu zikilingana hutangaza kwamba ni kitupu. Kikichanganyikiwa baada ya umeme kukatika, kipande huonekana kina treni hata kama hakina, na mtu huruhusiwa kukirudisha kwenye sifuri. Kurudisha sifuri ni kutangaza kwa mkono kwamba njia ni tupu. Ndiyo maana sehemu nyingi duniani treni inayofuata baada ya kitendo hicho hutakiwa kupita polepole, dereva akitazama mbele, kabla signali kuaminiwa tena.

Njia ikishathibitishwa kuwa tupu, ndipo ruhusa yenyewe inapoandikwa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hupotea zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye waya. Tarehe 17 Juni 2024, katika jimbo la Bengali Magharibi nchini India, signali za kujiendesha kati ya stesheni za Rangapani na Chattar Hat zilikuwa na hitilafu tangu alfajiri. Treni kadhaa zilipewa karatasi ya kupita signali nyekundu katika kipande hicho. Asubuhi hiyo treni ya mizigo iliigonga kwa nyuma treni ya abiria ya Kanchanjunga Express, na watu kumi hivi wakapoteza maisha, akiwemo dereva wa treni ya mizigo. Uchunguzi wa kamishna wa usalama wa reli ulieleza kwamba karatasi waliyopewa madereva haikutaja mwendo wa kufuata, na kwamba kila dereva aliielewa kwa namna yake. Kati ya treni zilizopita siku hiyo, iliyokwenda kwa mwendo usiozidi kilomita 15 kwa saa na kusimama dakika moja kwenye kila signali mbovu ilikuwa Kanchanjunga Express. Iliyofuata kanuni ndiyo iliyogongwa.

Mimi huwafundishia watu kisa hicho kuliko kingine chochote, kwa sababu hakina mlevi wala aliyesinzia. Kina karatasi iliyosema "pita" bila kusema upite vipi, na madereva waliofunzwa kuamini karatasi. Ruhusa kamili hutaja treni kwa namba yake, mahali ilipo sasa hivi, signali ipi hasa inaruhusiwa kupita, mpaka wapi, kwa mwendo gani, na nini kifanyike inapofika huko. Hutaja pia saa na jina la aliyeitoa. Kikikosekana kimoja, dereva ana haki ya kuikataa karatasi hiyo, na kwa maoni yangu ana wajibu wa kuikataa, hata kama anayempa ni mkubwa wake kazini.

Ruhusa ikitolewa kwa redio, treni iwe imesimama, na maneno yasafiri pande zote mbili. Mazungumzo yanayostahili husikika hivi:

"Dereva wa treni sita mbili moja, uko wapi, na umesimama?"

"Sita mbili moja nimesimama stesheni ya Juu, lupu ya pili, signali ya kutokea iko nyekundu."

"Andika. Ruhusa namba moja saba. Treni sita mbili moja, pita signali ya kutokea ya Juu, lupu ya pili. Nenda hadi signali ya kuingilia ya Chini, simama hapo. Mwendo usizidi kilomita kumi na tano kwa saa. Nisomee ulivyoandika."

Dereva husoma neno kwa neno kutoka kwenye karatasi yake, namba zikitajwa tarakimu moja moja, na stesheni masta hufuatilia kwenye nakala yake akiwa na kalamu mkononi. Wakilingana, ndipo saa inaandikwa na ruhusa inakuwa hai. Kabla ya hapo ni mazungumzo tu, na neno la ruhusa lisitajwe hata kwa utani. Dereva akijibu "Sawa mzee, nimekupata," hajajibu kitu. Anaweza kuwa amepata ruhusa ya treni nyingine iliyokuwa hewani dakika hiyohiyo.

Kusoma kwenyewe kunasahaulika kwa urahisi wa kutisha. Huko Abermule, Wales, tarehe 26 Januari 1921, mitambo ilikuwa mizima. Kila kipande cha njia moja kilikuwa na kidani chake cha chuma, na bila kidani treni haikuruhusiwa kuingia. Kidani kilicholetwa na treni ya kawaida ya abiria kilipita mikononi mwa wafanyakazi wa stesheni, kikarudishwa kwa dereva yuleyule aliyekileta, naye akaondoka akiamini amepewa cha kipande kilicho mbele. Jina la kipande lilikuwa limeandikwa juu ya chuma chenyewe. Hakuna aliyelisoma. Watu 17 walikufa.

Pointi, yaani mahali ambapo reli husogezwa ili treni ihame njia moja kwenda nyingine, ni mlango mwingine wa ajali. Signali ikiwa nzima haitawaka kijani mpaka pointi ziwe zimekaa sawa na kufungwa, lakini karatasi haina uhusiano wowote na pointi. Tarehe 28 Februari 2023 huko Ugiriki, mahali ambapo mfumo wa kuongoza treni kwa mbali haukuwa ukifanya kazi kikamilifu, treni ya abiria iliyotoka Athens iliruhusiwa kwa mdomo kupita signali nyekundu ya kutokea Larissa. Pointi zilikuwa zimeachwa zikielekeza kwenye njia ya upande wa pili. Treni iliifuata njia hiyo kwa dakika kadhaa hadi ilipokutana uso kwa uso na ya mizigo karibu na Tempi, na watu 57 wakafa. Kwa hiyo, kabla ya stesheni masta wetu wa Juu kuzungumza na dereva, mtu aende kwa miguu hadi kila pointi iliyo kwenye njia ya treni hiyo, zile ambazo treni itazikabili kwa mbele na zile itakazozifikia kwa nyuma. Apige magoti, aangalie kama ulimi, ile reli inayosogea, umebana kabisa kwenye reli mama isiyosogea, apitishe kidole palipo na shaka, atoe kokoto au tope lililokwama, kisha aufunge kwa kibano na kufuli, na ufunguo autie mfukoni mwake, usitoke mpaka treni ipite. Hili ni jambo la dakika chache, na ndilo huachwa mara nyingi zaidi mvua inaponyesha.

Hitilafu ikitarajiwa kuchukua siku nzima, mimi hupendelea utaratibu wa zamani kuliko yote: kumteua mtu mmoja awe ndiye ruhusa. Huvaa kitambaa chekundu mkononi, jina lake huandikwa katika daftari la stesheni zote mbili, na hakuna treni inayoingia kati ya Juu na Chini bila yeye kupanda ndani yake, au kuitoa yeye mwenyewe ana kwa ana na dereva akiwa na karatasi aliyoitia sahihi. Treni mbili zikishuka kwa kufuatana, huitoa ya kwanza, husubiri ithibitishwe kuwa imefika nzima, kisha hupanda ya pili. Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba mtu hawezi kuwa Juu na Chini kwa wakati mmoja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kuelekeana. Udhaifu wake ni muda. Akishuka na treni wakati inayofuata nayo inashuka, itabidi arudi mlimani kwa kiberenge, na safari hiyo ya kiberenge nayo huhesabiwa kama treni na huandikwa daftarini.

Wakati wote huo abiria wa Kisumu wamekaa ndani ya mabehewa, simu zinalia, na kontrola, msimamizi wa mwendo wa treni za njia nzima, anauliza kila baada ya robo saa treni itatoka lini. Shinikizo hilo ni sehemu ya mazingira ya kazi kama ukungu wa Mau ulivyo sehemu yake, na linapaswa kupangiwa mapema. Ningeshauri stesheni masta anayeandika ruhusa asiwe ndiye anayejibu simu za ucheleweshaji, na kontrola asiulize "itatoka lini" bali aulize hatua ipi imekamilika. Kuhusu mwendo, kilomita 15 kwa saa haikuchaguliwa kwa uvivu: dereva anayeteremka na mizigo mizito katika ukungu lazima aweze kusimama ndani ya umbali anaouona, na kwenye utelezi umbali huo unaweza kumtaka aende polepole zaidi ya ilivyoandikwa. Kwenye makutano ya reli na barabara mjini, ambako vizuizi huenda visishuke vyenyewe, msaidizi wake hushuka na bendera.

Fundi akipiga simu kusema signali zimepona, utaratibu wa dharura hauishi papo hapo. Treni iliyo njiani kwa karatasi huimaliza safari yake kwa karatasi, mkia wake huonekana Chini, na mwenye kitambaa chekundu hukivua mbele ya stesheni masta na kutia sahihi kwamba hana tena mamlaka. Karatasi zote za ruhusa, nakala za dereva zikiwemo, hukusanywa, hupigwa mstari na kuandikwa saa ya kufutwa, kwa sababu karatasi iliyosahaulika mfukoni bado inasema "pita". Vibano hufunguliwa kwenye pointi, fundi huzijaribu pande zote mbili akiwa na mtu anayezitazama kwa macho, na daftari huandikwa. Baada ya hapo ndipo stesheni masta wa Juu anapoweza kushika mpini wa signali.