Safu ya kipato: sifuri

Wiki hii tena. Kikao cha bajeti ya chanjo zinazozuia saratani, bwana mmoja anaegemea kiti na kuuliza: "Lakini marehemu anagharimu nini? Gharama ni matibabu. Akifa, bili imekoma." Hoja hii nimeisikia mpaka nimeacha kuhesabu, na kuhesabu ndiyo kazi yangu.

Yasiyo na ubishi tuyapite mbio. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na aina ya 16 na 18 peke yake zinabeba kama asilimia 70 ya wagonjwa. Ya ini, sehemu kubwa huanzia kwenye homa ya ini B. Chanjo ya homa hiyo ipo tangu miaka ya 1980, ya HPV tangu 2006. Mwaka 2022 saratani ya mlango wa kizazi iliua wanawake wapatao 350,000. Mwenye shaka kama chanjo inazuia saratani aitazame Taiwan, iliyoanza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikashuka.

Sasa hiyo bili. Pasipo na matibabu, watu hufa mapema na bili huwa ndogo. Kwa hesabu ya bwana yule, nchi isiyotibu mtu ndiyo iliyobana matumizi kuliko zote.

Hasara ya kifo tunaipima hivi: umri wa kufa, miaka iliyobaki hadi kustaafu, mara kipato. Rahisi. Ila nina jedwali hapa mbele yangu, na mstari mmoja unasema: mwanamke, 45, mlango wa kizazi, kazi: nyumbani. Safu ya kipato: 0. Kompyuta inazidisha miaka 20 kwa sifuri na kunijibu, bila haya, kwamba hakuna kilichopotea. Kupika, kulea, kuuguza wazee, vyote sifuri. Kazi zenyewe hazikufa naye, zilihamia kwa mtu mwingine, mara nyingi binti aliyekuwa shuleni. Binti hana safu kwenye jedwali langu.

Wengine huziba sifuri hiyo kwa mshahara wa mfanyakazi wa ndani, wengine kwa kima cha chini, wengine kwa wastani wa mishahara yote. Nimetumia zote tatu. Nakiri kuna ripoti ambayo nilichukua ya katikati kwa sababu tu haikuelekea kuzua ugomvi.

Na hata mwenye ajira hajapona. Wanawake hulipwa pungufu, kwa hiyo kifo cha mwanamke wa miaka 45 hutoka "rahisi" kuliko cha mwanamume wa umri uleule. Saratani ya ini huua zaidi wanaume. Weka chanjo hizi mbili kwenye mizani moja na ile ya HPV inaanza ikiwa nyuma, kosa likiwa la orodha ya mishahara, si la ugonjwa. Ukitumia kipato kimoja kwa wote, tofauti inafutika, lakini hapo huupimi tena uchumi ulivyo, unaupima unavyopaswa kuwa. Mimi hufanya hivyo, kisha naficha maelezo chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Halafu kuna punguzo la thamani ya kesho: fedha ya miaka ijayo tunaihesabu kuwa ndogo kuliko ya leo. Msichana amechanjwa akiwa na miaka 12, kifo kilichozuiwa kingekuja akiwa na 55. Hasara ya 100 ya siku hiyo, kwa asilimia 3 kwa mwaka, leo ni 28. Kwa asilimia 5 ni 12. Anayechagua asilimia amekwisha kuchagua jibu.

Wapo wenzetu wanaosema hasara inaishia siku mwajiri anapopata mtu wa kuziba pengo, yaani miezi michache. Kwa njia yao, penye foleni ndefu ya wasio na ajira, kifo ni karibu bure. Siipendi. Lakini nikiwa mkweli, naishikilia ile ya kwanza, ya miaka mara kipato, kwa sehemu kwa sababu takwimu zake hupatikana bila jasho.

Nilimweleza bwana yule yote haya. Akauliza kama naweza kumpa namba moja tu. Nikampa tatu, kila moja na sababu zake.

Aliandika ile ndogo.